Laptopu haisomi waifai: pa kuanzia kabla hujakubali kupigiwa Windows upya

Msimu wa korosho ukishafunguka, kuanzia Oktoba, meza yangu hapa Mtwara mjini hujaa laptopu za makarani wa vyama vya msingi. Wengine wametoka Newala, wengine Tandahimba, wamedandia gari la alfajiri na mashine imeviringishwa kwenye kanga isipigwe na vumbi. Maneno ni yale yale: "Fundi, haisomi waifai."

Mmoja alikuja mashine yake imeshapigwa Windows mara mbili ndani ya wiki moja, na mafundi wawili tofauti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Imefanyaje?"

"Haioni waifai ya ofisini. Wamepiga Windows, haioni. Wamepiga tena, haioni. Sasa naambiwa kadi ya waifai iliyo ndani imekufa, ninunue nyingine."

Nikawasha hotspoti ya simu yangu, nikailaza simu pembeni ya kibodi. Hata hajakaa vizuri kwenye benchi, jina la simu likajitokeza kwenye orodha. Kadi iliyokufa haioni simu. Kesho yake, akiwa amesharudi kazini, nikamwelekeza kwa simu hadi akaingia kwenye mipangilio ya ruta, na hapo tukaikuta: ruta ilikuwa inarusha kwenye chaneli ya 13, na ile laptopu ni mtumba wa Marekani, ambako vifaa vingi huishia chaneli ya 11. Akaiweka 6, waifai ikaonekana. Daftari la wakulima la msimu uliopita, lililofutika kwenye diski Windows ilipopigwa, ndilo halikurudi.

Fuata mwongozo huu kwa mpangilio wake. Nimeanza na vinavyofanyika bure kwa dakika mbili, bisibisi nimeiacha mwisho. Maelezo mengi ni ya Windows 10 na 11, kwa sababu ndizo zinazoletwa mezani kwangu.

Kwanza jua inaumwa nini

"Haisomi waifai" ni magonjwa matatu yenye jina moja. La kwanza: orodha ya mitandao iko tupu kabisa, au hata alama ya waifai haipo pale chini kulia. La pili: inaona waifai ya jirani na ya duka la ng'ambo ya barabara, ya kwenu ndiyo haioni. La tatu: inaiona, inaunganika, lakini kurasa hazifunguki.

Hilo la tatu silitibu hapa. Waifai ni njia ya hewani kati ya laptopu na ruta, basi; intaneti inaanzia nyuma ya ruta. Kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi ikahangaika. Waifai zilionekana kama kawaida, mistari yote imejaa, na hakuna kilichofunguka. Siku ile kuna mzee aliniletea laptopu nimtengenezee. Nilimnywesha chai nikamrudisha nayo nyumbani.

Simu ndiyo kipimo cha kwanza

Chukua simu, washa hotspoti. Kwenye mipangilio ya hotspoti tafuta sehemu ya bendi, yaani masafa ya redio ya waifai, uchague 2.4 GHz. Hili usiliruke, kwa sababu simu nyingi mpya hurusha 5 GHz na laptopu ya zamani haina sikio la bendi hiyo, utaihukumu bure. Kwenye iPhone, kuanzia 12, kuna kitufe cha "Maximize Compatibility", kiwashe, kazi yake ni hiyo hiyo.

Iweke simu kando ya laptopu, fungua orodha ya waifai, subiri nusu dakika.

Simu isipoonekana, tatizo liko ndani ya laptopu. Endelea na hatua inayofuata.

Ikionekana, usishangilie kwanza. Inuka na simu, nenda nayo mlangoni, kisha chumba cha pili, huku mwenzako anatazama skrini. Ikibaki kwenye orodha hata ukiwa chumba cha pili, laptopu ni nzima, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya ruta huko chini. Ikipotea umepiga hatua tatu nne tu, antena imechomoka au imekatika. Kadi isiyo na antena huwa haiwi kiziwi kabisa: inasikia kilicho puani pake tu.

Swichi na vitufe

Angalia kama hali ya ndege imewashwa: bofya kile kijipembe cha chini kulia, utaona alama ya ndege. Izime. Kisha hakikisha kitufe cha waifai chenyewe kimewaka, maana vinaweza kuwa viwili tofauti.

Halafu kibodi. Kwenye mstari wa juu kuna kitufe chenye picha ya ndege au ya mnara unaorusha mawimbi. HP nyingi huwa ni F12, ThinkPad nyingi F8, Dell nyingi F2 au PrtScr. Kibonye, na kisipoitikia kibonye pamoja na Fn. HP za ofisini zina taa ndogo hapo: ikiwa ya rangi ya chungwa redio imezimwa, ikiwa nyeupe au buluu imewashwa. ThinkPad za kizazi cha T420 na X220, ambazo bado zinauzwa sana mitumba, zina swichi halisi ya kusogeza ubavuni. Ikisukumwa na mkoba, Windows haina uwezo wa kuiwasha, hata uipige mara kumi. Nimewahi kulipwa pesa ya soda kwa kusogeza swichi hiyo kwa kucha.

Izime kwelikweli

Ukibonyeza "Shut down" kwenye Windows 10 au 11, mashine nyingi hazizimi zote. Kuna kitu kinaitwa "Fast Startup": moyo wa Windows pamoja na draiva zake (programu zinazoiwezesha kuendesha vifaa kama kadi ya waifai) huhifadhiwa kwenye diski ili asubuhi ziamke haraka. Draiva iliyolala ikiwa na kizunguzungu, inaamka nacho. Ndiyo maana mtu anakwambia "nimezima na kuwasha mara tano" naye hadanganyi.

Njia sahihi ni "Restart". Au shikilia kitufe cha Shift huku unabofya "Shut down", hapo inazima yote.

Isipotosha, kausha umeme uliobaki ndani. Chomoa chaja, chomoa kila kilichochomekwa kwenye USB, na kama betri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30. Rudisha betri na chaja, washa. Dawa hii inaonekana ya kienyeji lakini ina maelezo yake: kadi ya waifai hubaki na chaji kidogo hata mashine ikizimwa, na ikiwa imeganda, haiachii mpaka chaji ile iishe. Huku kwetu umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, kesho yake mimi hutumia dawa hii kuliko nyingine yoyote.

Device Manager: hapa ndipo penye jibu

Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, chagua "Device Manager". Fungua mstari wa "Network adapters". Unatafuta jina lenye neno "Wireless", "Wi-Fi" au tarakimu 802.11. Yenye "Ethernet" au "GbE" ni ya waya, achana nayo. Zile za "WAN Miniport" nazo zipuuze.

Utakuta moja kati ya hali hizi.

Jina lipo, halina alama yoyote. Windows inaiona kadi na inaridhika nayo. Nenda sehemu ya amri, mbele kidogo.

Jina lipo, lina mshale mdogo unaotazama chini. Imezimwa kwa makusudi, kosa namba 22. Bofya kulia, chagua "Enable device". Umemaliza.

Jina lipo, lina pembetatu ya njano. Bofya mara mbili usome sehemu ya "Device status". Namba iliyo kwenye mabano ya Windows ndiyo inayozungumza. Code 10 maana yake kifaa kimegoma kuanza; mara nyingi ni draiva isiyopatana nacho. Code 43 maana yake kifaa chenyewe kimetoa taarifa kwamba kina hitilafu. Inaweza kuwa draiva, inaweza kuwa kadi inakata roho. Kwa zote mbili fanya hivi: bofya kulia, "Uninstall device", usiweke tiki kwenye kile kisanduku cha kufuta draiva, kisha juu kwenye "Action" chagua "Scan for hardware changes". Windows itaikuta kadi kana kwamba ni mgeni, itaivalisha draiva upya. Ikirudi na pembetatu ile ile, ingia "Properties", kichupo cha "Driver", ujaribu "Roll Back Driver" kama kinabonyezeka. Tangu Microsoft walipofunga masasisho ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, nimekuwa nikipokea mashine za zamani zilizolazimishwa Windows 11, na kurudisha draiva ya nyuma kumeokoa kadhaa.

Jina halipo, lakini pembeni kuna mstari wa "Other devices" na ndani yake "Network Controller" yenye alama ya njano. Hii ni habari njema. Kadi ipo na inajibu, ila haina draiva, kosa namba 28. Ndiyo hali ya kawaida ya laptopu iliyotoka kupigwa Windows, na ndiyo inayowafanya watu waamini kwamba fundi ameiba kadi.

Jina halipo popote. Bofya "View", kisha "Show hidden devices". Jina likitokea likiwa limefifia na Code 45, Windows inakwambia: nilikuwa naye, sasa simwoni. Kadi imelegea, imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla Windows haijawaka), au imekufa. Zima mashine, iwashe huku unabonyezabonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, utafute kama kuna mahali "Wireless" imewekwa "Disabled". Kama hakuna, jiandae na bisibisi.

Kuna ugonjwa mmoja wa siri ambao hauonekani kwenye hali hizi: waifai inapotea kila laptopu ikilala, na inarudi ukiizima ukawasha. Ingia "Properties" ya kadi, kichupo cha "Power Management", ondoa tiki kwenye ule mstari wa kuruhusu kompyuta izime kifaa ili kuokoa umeme.

Kupata draiva wakati waifai ndiyo hiyo haipo

Hapa ndipo wengi hukata tamaa: unahitaji intaneti ili upate intaneti. Simu inakutoa. Ichomeke kwenye laptopu kwa waya wa USB (uwe waya wa data, kuna nyaya za kuchaji tu na zimejaa sokoni), kisha kwenye mipangilio ya simu washa "USB tethering". Kwa simu za Android, laptopu itaiona simu kana kwamba ni waya wa intaneti, na kwa hilo Windows haihitaji draiva ya kutafuta. Na bando si lazima: kama simu yako imeunganishwa na waifai ya jirani, itaipitisha hiyo hiyo.

Lakini kabla hujafanya chochote, nenda "Settings", "Network & internet", "Ethernet", uwashe "Metered connection". Usipofanya hivyo, Windows ikiona intaneti itaanza kushusha masasisho yake kwa fujo, na bando la wiki litakuwa limekwisha kabla draiva haijafika.

Draiva ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini. Kibandiko kikiwa kimefutika, ambayo ni kawaida kwa mitumba, rudi kwenye "Network Controller", "Properties", kichupo cha "Details", chagua "Hardware Ids". Utaona mstari mrefu unaoanza na PCI\VEN_ na tarakimu nne. Hizo nne ndizo kabila la kadi:

8086 ni Intel
10EC ni Realtek
14E4 ni Broadcom
168C ni Qualcomm Atheros
14C3 ni MediaTek

(Intel walijichagulia 8086 kwa heshima ya prosesa yao ya mwaka 1978. Si kila namba imeangukia tu.) Tarakimu nne baada ya DEV_ ndizo kadi yenyewe. Ukiziandika zote mbili kwenye utafutaji, utaletewa modeli kamili.

Zile flashi zenye "draiva zote za dunia" zinazozunguka vibandani, mimi sizitumii. Zinaweza kukupa draiva, ndiyo, na pia zikakuachia programu tatu ambazo hukuziomba, moja ikibadilisha ukurasa wako wa mwanzo kila ukiwasha.

Muulize Windows mwenyewe

Kama kadi ipo na haina alama ya ubaya, fungua "Command Prompt" kwa "Run as administrator", uandike:

netsh wlan show interfaces

Majibu yake yana maana hizi. Ikisema hakuna "wireless interface" kwenye mfumo, rudi Device Manager, kuna kitu umekiruka. Ikisema huduma ya "wlansvc" haifanyi kazi, iwashe:

net start wlansvc

kisha fungua "services.msc", tafuta "WLAN AutoConfig", uweke "Automatic" ili isilale tena. Huduma hii ikizimwa orodha inakuwa tupu hata kadi ikiwa mpya kutoka kiwandani, na nimeona programu za "kuongeza kasi ya kompyuta" zikiizima kwa madai kwamba haitumiki.

Mstari wa "Radio status" nao usome. "Hardware Off" ni swichi au kitufe cha kibodi. "Software Off" ni hali ya ndege au kitufe cha waifai ndani ya Windows. Mstari huo peke yake ungeniokolea saa nyingi sana ujanani.

Kwenye Windows 11 ya 24H2, amri hizi zinaweza kukataa mpaka uwashe ruhusa ya mahali ulipo, yaani "Location". Si hitilafu. Washa, rudia amri.

Andika pia:

netsh wlan show drivers

Tafuta "Radio types supported". Ukiona 802.11b, g na n tu, bila a, ac wala ax, kadi yako inasikia 2.4 GHz peke yake. Shika jibu hilo, tunalihitaji kwenye ruta.

Dawa ya mwisho upande wa Windows ni "Network reset", iliyo ndani ya "Advanced network settings" kwenye Windows 11. Inaondoa kadi zote za mtandao na kuzirudisha upya, na inafuta nywila zote za waifai ulizohifadhi. Ziandike kwanza.

Kwa wachache wanaotumia Ubuntu na ndugu zake badala ya Windows: andika "rfkill list". Ukiona "Soft blocked: yes", toa amri "sudo rfkill unblock wifi". Ukiona "Hard blocked: yes", ni swichi ya mkono. Kama haijazuiwa na bado haioni kitu na kadi ni Broadcom, unahitaji draiva yake maalumu, simu kwa USB itakusaidia hapo pia.

Ikiwa haioni ya kwenu tu

Laptopu ni nzima. Tatizo ni lugha kati yake na ruta. Kwa simu iliyounganishwa na waifai hiyo, fungua kivinjari uandike anwani iliyo chini ya ruta. Aghalabu ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1, pamoja na jina na nywila ya kuingilia. Ukiwa ndani, angalia vitu vinne.

Bendi. Kama ruta inarusha 5 GHz tu na kadi yako ni ya b, g, n, hazitaonana milele. Washa 2.4 GHz. Na hata kama laptopu inaisikia 5 GHz, kumbuka nyumba zetu. Zile nyumba kongwe za Mikindani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kukalia dirishani, zinameza 5 GHz chumba cha kwanza tu. 2.4 inapenya, kwa taabu, lakini inapenya.

Chaneli. Kwa 2.4 GHz chagua 1, 6 au 11. Hizi si namba za bahati: chaneli zimepishana kwa 5 MHz tu wakati mtandao mmoja unahitaji upana wa 20 hivi, kwa hiyo 1, 6 na 11 ndizo zisizokanyagana. Na zote tatu zinasikika na mashine kutoka nchi yoyote. 12 na 13 ziache. Huku zinaruhusiwa, ila laptopu za mtumba kutoka Marekani hazizijui. Ruta ikiwekwa "Auto" inaweza kuhamia 13 yenyewe usiku mmoja, na asubuhi watu wanalaumu mvua.

Ulinzi, yaani aina ya kufuli la nywila ya waifai. Ukiwa umewekwa WPA3 peke yake, kadi za kabla ya 2018 zinaweza kushindwa kuunganika. Weka WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Jina lililofichwa. Kuna watu huficha jina la waifai wakidhani wamezuia wezi. Wezi wanaliona, anayeteseka ni mgeni wa ofisini. Liachie.

Kufungua mashine

Kama dhamana ya mtengenezaji bado hai, usifungue. Kama ni mtumba, endelea, taratibu.

Zima, chomoa chaja, legeza skrubu za mfuniko wa chini. Ziweke kwenye trei ya mayai, kila tundu na skrubu ya sehemu yake, kwa sababu ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa kibodi. Piga picha kabla hujagusa. Kitu cha kwanza ndani ni kuchomoa waya wa betri kutoka kwenye mazabodi, hata kama mashine imezimwa.

Kadi ya waifai ni kibao kidogo, upana wa vidole viwili, kimeshikwa na skrubu moja, na nyaya mbili nyembamba zimebanwa juu yake, mara nyingi nyeusi na nyeupe. Nyaya hizo ndizo antena. Zinapita kwenye bawaba na kuzunguka skrini. Kwenye laptopu nyembamba za siku hizi kadi inaweza kuwa imechomelewa kwenye mazabodi. Ukikuta hivyo funga mfuniko, nenda sehemu ya kidude cha USB.

Sasa tazama kwa karibu, kwa tochi ya simu. Mashine za Shangani na Mikindani, zinazolala dirisha wazi upepo wa bahari ukiingia, nazijua kwa rangi. Zile pete mbili ndogo ambako nyaya zinabanwa huwa na unga wa kijani, laini kama ukungu wa mkate. Ni chumvi imekula shaba. Mwalimu mmoja wa Mikindani aliniletea mashine ambayo waifai ilikuwa inaonekana kiangazi, masika inapotea. Unga ule ukilowa unyevu wa hewani, basi. Tuliutoa kwa mswaki laini na spiriti ya asilimia 90 na kitu, hatukununua chochote.

Fungua skrubu ya kadi, itainuka yenyewe kidogo, ivute kwa mlalo. Pini zake za rangi ya dhahabu zisugue polepole kwa ufutio mweupe wa penseli, futa mavumbi yake kwa spiriti, acha ikauke. Irudishe hadi mwisho wa tundu, funga skrubu. Nyaya: weka kichwa cha waya sawasawa juu ya pete, bonyeza wima kwa kidole gumba mpaka usikie "tik". Ukikibonyeza kimeinama unavunja pete, na pete ile haitengenezeki kirahisi.

Kama ulishaona kwamba waifai inakuja na kwenda ukiinamisha skrini, waya umekatikia kwenye bawaba. Hiyo ni kazi ya fundi, kubadilisha antena nzima ndani ya skrini.

Ukilazimika kununua kadi nyingine, mitego ni miwili. HP na Lenovo za zamani zina orodha ya kadi wanazozikubali. Ukiweka nyingine mashine inakataa kuwaka na kuandika 1802 kwa ThinkPad, au 104 kwa HP. Nunua yenye namba ya vipuri ya mashine hiyo hiyo. Mtego wa pili ni kadi za Intel zinazoishia na 1, kama AX201 na AX211. Zinauzwa rahisi, zinaingia kwenye tundu lile lile, lakini nusu ya akili yake iko ndani ya prosesa za Intel za kuanzia kizazi fulani. Kwenye laptopu ya AMD au ya zamani haitaonekana hata kwenye Device Manager. AX200 na AX210 hazina masharti hayo.

Kidude cha USB

Kadi ikiwa imekufa au imechomelewa, kidude cha waifai cha USB kinamaliza mchezo, na mara nyingi ni rahisi kuliko kulipa fundi. Kwenye duka usiulize "kina kasi gani", uliza kama kina bendi mbili na kama kinawaka bila sidii, maana laptopu za leo hazina mahali pa kuiweka. Vile vidogo kama ukucha huwa vya 2.4 GHz tu, kwa ofisi ya kijijini vinatosha kabisa.

Kichomeke, subiri Windows ikitambue, kisha rudia kipimo cha simu. Na kama unasafiri na laptopu kwenye bodaboda, kichomoe kwanza. Yule karani wangu alinunua kimoja cha akiba aliporudi mjini, akakiacha kimechomekwa, kikagonga kitasa cha mlango wa gari kabla hajafika Nanguruwe. Tundu la USB ndilo lililovunjika.